Nani aamue watoto wasome nini shuleni?

Mwaka 1925 jimbo la Tennessee kule Marekani lilipitisha sheria inayokataza shule za umma kufundisha kwamba binadamu ametokana na wanyama wa daraja la chini, na miezi michache baadae mwalimu mmoja anaitwa John Scopes akafikishwa mahakamani kwenye mji mdogo wa Dayton kwa kuivunja. Wengi wameisikia hiyo kesi kama ugomvi wa dini na sayansi. Kitu ambacho hakisemwi sana ni kwamba kitabu cha bayolojia kilichomponza kilikuwa kitabu cha kiada kilichoidhinishwa na jimbo hilohilo, na mada ya mageuzi ilikuwa imechapishwa humo ndani kila mtu anaiona. Yaani ofisi moja ya serikali inampa mwalimu kitabu, ofisi nyingine inamshtaki kwa kukifundisha. Akapigwa faini ya dola 100, hukumu ikatenguliwa 1927 kwa kosa la utaratibu tu, na sheria yenyewe ikaendelea kuwepo mpaka 1967.

Hiyo kesi naileta kwa sababu ina ule mkanganyiko tunaoendelea nao mpaka leo. Mtu akiuliza nani awe na kauli ya mwisho kwenye mtaala na vitabu vya shule za umma, majibu yanakuja harakaharaka: wazazi, maana watoto ni wao. Walimu, maana ndo wanaoijua kazi. Serikali, maana ndo inayolipa. Wataalamu, maana sayansi haipigiwi kura. Kila jibu hapo lina ukweli wake na ndo maana mabishano hayaishi, kila mtu anazungumzia uamuzi wake akidhani wote wanaongelea kitu kimoja. Mimi naona tukitaka kuelewana lazima kwanza tuyatenganishe haya maamuzi. Kuna kuamua malengo, yaani mtoto akimaliza darasa fulani awe anajua nini. Kuna kuamua kitabu, nani anaandika, nani anakagua, nani anachagua na nani ananunua. Kuna kuamua kipindi cha leo asubuhi kinafundishwaje. Alafu kuna kuamua kuhusu mtoto mmoja ambaye mzazi wake hataki asome kitu fulani. Haya hayatakiwi kuamuliwa na mtu yuleyule, na ukifuatilia historia utaona balaa kubwa zimetokea pale ofisi moja ilipoyashika yote kwa pamoja.

Tuanze na malengo. Hapa mimi sioni njia ya kukwepa serikali, maana shule ya umma inaendeshwa kwa kodi ya watu wote, wakiwemo wasio na watoto, na hao watoto kesho watapiga kura pamoja, watafanya kazi pamoja na watatibiana. Kwahiyo wananchi kupitia vyombo vyao walivyovichagua wana haki ya kusema hiki ndo kiwango cha chini ambacho kila mtoto lazima akipate. Swali ni vyombo vipi, vya taifa zima, vya jimbo au vya wilaya.

Nchi zimejibu tofauti sana. England kwa muda mrefu sheria ilikuwa inalazimisha somo moja tu, dini, tangu 1944, mengine yote shule na walimu wakijipangia. Waziri wa elimu David Eccles alilalamika bungeni mwaka 1960 kwamba mtaala umekuwa bustani ya siri, na mwaka 1988 ikapita sheria iliyoleta mtaala wa taifa kwa mara ya kwanza. Faida yake iko wazi, mtoto akihama shule hakuti wenzake wanasoma vitu asivyowahi kuvisikia. Hasara nayo ipo, maana kila waziri mpya anaingia na anachokipenda yeye na mtaala unafumuliwa kabla haujakaa sawa. Ujerumani wameenda upande mwingine kabisa, na wana sababu ya kihistoria: Wanazi waliweka elimu yote chini ya wizara moja ya Berlin mwaka 1934 na wakaitumia wanavyojua wao, kwahiyo baada ya vita mamlaka yakarudishwa kwenye majimbo, na leo majimbo yote 16 kila moja lina wizara yake ya elimu na mtaala wake, yanakaa tu kwenye baraza la mawaziri wa majimbo kuoanisha mambo. Ni mfumo wenye usumbufu, familia ikihama toka jimbo moja kwenda lingine inauonja, lakini hakuna mtu mmoja anayeweza kubadili historia ya nchi nzima kwa sahihi moja.

Marekani sheria ya shirikisho inakataza kabisa wizara ya elimu ya Washington kuelekeza mtaala, hilo limeandikwa hata kwenye sheria ya 1979 iliyoianzisha wizara yenyewe. Kwenye karatasi wenye mamlaka ni majimbo na bodi za wilaya za shule, na wilaya zipo kama 13,000 hivi. Ila angalia kilichotokea na viwango vya pamoja vya hesabu na lugha vilivyotoka mwaka 2010. Viliandaliwa na magavana na wakuu wa elimu wa majimbo, sio Washington, lakini wakati huohuo serikali ya shirikisho ilikuwa na mfuko wa ushindani wa dola bilioni 4.35, na jimbo lililokubali viwango vya kumuandaa mtoto kwa chuo na kazi lilikuwa linapata pointi kwenye maombi yake. Majimbo zaidi ya 40 yakaingia chapchap. Miaka michache tu baadae wazazi wakashtuka, wanauliza hiki kitu kilipitishwa lini na nani, Indiana ikajitoa 2014 na nyingine zikafuata. Ubora wa vile viwango ni mjadala mwingine, ila kilichoviumiza zaidi ni kwamba watu walivikuta mezani tayari. Hela ilikuwa imeshaamua kabla mkutano wowote wa wazazi haujaitishwa.

Sasa twende kwenye vitabu, na hapa nitakaa muda mrefu kidogo maana ndipo vurugu zote zinapoonekana kwa macho. Mtaala ni maneno ya jumla, mzazi hausomi. Kitabu mtoto anakileta nyumbani kwenye begi.

Kuna serikali zinazoandika kitabu zenyewe. Japani ilifika huko mwaka 1903 na sababu ilikuwa rushwa: mwaka mmoja kabla ilibainika wachapishaji walikuwa wanawahonga maofisa wa mikoa ili vitabu vyao vichaguliwe, wengi wakakamatwa, na serikali ikasema basi kuanzia sasa vitabu vya shule za msingi tunaandika wenyewe. Dawa ya rushwa ikawa kitabu kimoja nchi nzima. Na hicho kitabu kimoja ndicho kilichokuja kuwalea watoto kwa ajili ya vita. Japani iliposalimu amri mwaka 1945 hakukuwa na muda wala karatasi ya kuchapa vipya, kwahiyo watoto wakaambiwa darasani wachukue brashi na wino mweusi wafute mistari mmoja baada ya mwingine, sentensi zilezile ambazo mwalimu yuleyule alikuwa anawakaririsha muda mfupi nyuma. Kuna kurasa zilibaki nyeusi karibu zote. Fikiria mtoto wa miaka 10 anajifunza nini pale kuhusu mwalimu wake na kuhusu maandishi.

Kuna serikali zinazokagua. Baada ya vita Japani ilihamia huko, wachapishaji binafsi wanaandika, wizara inakagua na kuidhinisha, alafu bodi za elimu za manispaa zinachagua kimoja kati ya vilivyopita. Kwa maneno inasikika kama mfumo wa haki, na kwa sehemu kubwa ni mzuri kuliko ule wa zamani. Lakini muulize mwanahistoria Ienaga Saburo. Alikuwa ameandika kitabu cha historia ya Japani kwa ajili ya sekondari, mwanzoni mwa miaka ya 1960 wizara ikakikataa, alafu ikamtaka afanye marekebisho mamia, moja ya hoja za wakaguzi ikiwa kwamba vita imeoneshwa kwa giza mno. Mwaka 1965 akaishtaki serikali. Akafungua kesi ya pili 1967 na ya tatu 1984, na hii ya tatu ndiyo iliyogusa maelezo ya Kikosi 731, kile kitengo cha jeshi la Japani kilichofanya majaribio ya kibayolojia kwa watu walio hai huko Manchuria. Wizara ilimwambia ayatoe, eti utafiti wa kuaminika bado. Mahakama Kuu kabisa ikatoa uamuzi wa mwisho Agosti 1997, Ienaga ana miaka 83: kukagua vitabu ni halali kikatiba, ila kumlazimisha kufuta Kikosi 731 ilikuwa kinyume cha sheria. Akalipwa yeni 400,000.

Miaka 32 ya kesi. Na huo uamuzi mimi naona umegusa penyewe, kwamba serikali kuwa na mamlaka ya kukagua sio tatizo, tatizo ni pale mkaguzi anapotumia ukaguzi kuficha jambo ambalo ushahidi wake upo. Mkaguzi anatakiwa aulize je, hili ni kweli, linafaa umri huu, linalingana na mtaala. Akianza kuuliza je, linaipa nchi sura nzuri, hapo ameshaacha kazi yake.

Korea Kusini walijaribu kurudi nyuma. Mwaka 2015 serikali ya Rais Park Geun-hye ilitangaza kwamba vitabu vya historia vya wachapishaji binafsi vitaondolewa na serikali itaandika kimoja, mfumo ambao uliwekwa miaka ya 1970 na baba yake, Park Chung-hee, alipokuwa anatawala kwa mkono wa chuma. Yaani mtoto anasimamia kitabu ambacho lazima kimuelezee baba. Walimu na wanahistoria wakagoma kushiriki, watu wakaingia barabarani, na kitabu kilipokuja kukamilika karibu hakuna shule iliyokitaka. Moon Jae-in alipoingia madarakani Mei 2017 alikifuta ndani ya siku chache. Mgongano wa maslahi hapo hauhitaji mtaalamu kuuona, na bado kama watu wasingepiga kelele ungepita.

Ila nisiseme kwamba kitabu cha serikali siku zote ni kibaya, nitakuwa nadanganya. Meksiko mwaka 1959 iliunda tume ya vitabu vya bure vya shule, na kwa mamilioni ya watoto wa vijijini hicho ndicho kilikuwa kitabu cha kwanza kuingia ndani ya nyumba. Kuwaambia watu wasio na hela ya kitabu chochote kwamba wangepewa uhuru wa kuchagua ni kuwakosea. Lakini tangu miaka ya 60 mwanzoni wazazi wa Monterrey waliandamana kupinga kulazimishwa kitabu kimoja, na mwaka 2023 vitabu vipya vilipotoka ugomvi ukarudi uleule, majimbo ya Chihuahua na Coahuila yakakataa kuvigawa na mambo yakaishia mahakamani. Kulipa ni jambo moja na kuandika ni jingine. Serikali inaweza ikalipia kila kitabu cha kila mtoto bila yenyewe kuwa mwandishi, Japani ya leo inafanya hivyo, vitabu vya elimu ya lazima ni bure na vinaandikwa na wachapishaji binafsi.

Na kuna zinazoachia kabisa. Ufini iliacha kukagua vitabu mwanzoni mwa miaka ya 1990, taifa linatoa mtaala wa msingi, manispaa inaufafanua, mwalimu anachagua kitabu anachoona kinamfaa. Watu wanapenda kuutaja huu mfumo kama jibu la kila kitu, lakini wanasahau kwamba mwalimu wa kule anatakiwa awe na shahada ya uzamili na amefundishwa kusoma kitabu kwa jicho la kukosoa. Ukichukua uhuru huo ukampa mwalimu ambaye hajaandaliwa, ana wanafunzi 80 darasani na hajawahi kupewa vitabu zaidi ya kimoja, hujampa uhuru, umemtelekeza.

Soko nalo lina mambo yake. Texas ina bodi ya elimu ya jimbo yenye wajumbe 15 wa kuchaguliwa kwa kura, na ina wanafunzi zaidi ya milioni 5, kwahiyo kwa miaka mingi mchapishaji akitaka kuuza nchi nzima alikuwa anahakikisha kwanza kitabu kinapita Texas. Wajumbe wachache wa jimbo moja wakawa wanagusa vitabu vya watoto wa mbali ambao wazazi wao hawajawahi kuwapigia kura. Sheria ya 2011 ilizipa wilaya uhuru zaidi wa kununua nje ya orodha ya jimbo, na vitabu vya kidijitali vimepunguza nguvu hiyo, lakini haijaisha. Mwaka 2015 kijana mmoja wa sekondari karibu na Houston alimtumia mama yake picha ya ukurasa wa kitabu cha jiografia. Kulikuwa na ramani kwenye sehemu inayohusu uhamiaji, na maelezo chini yake yalisema biashara ya utumwa ya Atlantiki ilileta mamilioni ya wafanyakazi kutoka Afrika kwenda kulima kwenye mashamba makubwa ya kusini. Wafanyakazi. Watu waliokamatwa, wakafungwa minyororo na kuuzwa wamewekwa kwenye mada ya uhamiaji kama waliotafuta ajira. Mama akaiweka mtandaoni, ikasambaa, na mchapishaji akaomba radhi na kuahidi kurekebisha.

Tazama hapo wangapi walikipitia hicho kitabu kabla: waandishi, wahariri, washauri, wakaguzi wa jimbo, kamati za wilaya. Wote waliupita ule mstari. Aliyeuona ni mtoto mwenyewe na mama yake. Kwahiyo mtu akiniambia wazazi na wanafunzi hawana utaalamu wa kuhukumu vitabu mimi namwambia hawana utaalamu wa kuandika, lakini kuna makosa yanaonekana na anayeguswa nayo tu, na mfumo usio na mlango wa hao watu kuleta malalamiko yao na kujibiwa kwa maandishi ni mfumo mbovu hata kama wakaguzi wake wote ni maprofesa.

Alafu kununua na kusambaza, watu wanaona ni kazi ya karani, kumbe nayo ni maamuzi. Mwaka 2012 kwenye jimbo la Limpopo, Afrika Kusini, mtaala mpya ulianza kutumika kwenye baadhi ya madarasa na vitabu vyake havikufika shuleni, miezi imepita mwaka wa masomo unaenda katikati watoto hawana kitu. Mahakama ya Pretoria mwezi Mei mwaka huo ikasema serikali imevunja haki ya elimu, na Desemba 2015 mahakama ya rufaa ikaweka wazi kwamba kila mwanafunzi ana haki ya kuwa na kitabu chake mwenyewe kwa kila somo kabla somo hilo halijaanza kufundishwa. Unaweza ukabishana miaka mitano kuhusu mtaala mzuri, ukaandika mzuri kweli, alafu kosa la oda ya vitabu likaufuta wote kwa mtoto wa darasa la kwanza.

Darasani ni eneo la mwalimu, na hili hata mashirika ya kimataifa yalishalisema. Pendekezo la ILO na UNESCO la mwaka 1966 kuhusu hadhi ya walimu linataka mwalimu awe na nafasi ya msingi kwenye kuchagua vitabu na kurekebisha zana za kufundishia, ndani ya mtaala ulioidhinishwa. Hayo maneno ya mwisho ni muhimu, mwalimu hajipangii malengo yake, ila njia ya kufika ni yake. Kwa mada zenye ubishi mkali mimi sijaona mwongozo mzuri kama ule wa Wajerumani wa mwaka 1976, uliotokana na mkutano uliofanyika Beutelsbach. Ni mambo matatu: mwalimu asimzidi nguvu mwanafunzi kwa maoni yake, jambo linalobishaniwa kwenye taaluma na siasa lifundishwe kama linalobishaniwa, na mwanafunzi awezeshwe kupima mwenyewe hali na maslahi yake. Angalia ujanja wa hilo la pili: linasema lenye ubishi kweli, sio kila kitu ambacho mtu fulani kakichukia. Kama wanataaluma wameshakubaliana kwa ushahidi huwezi ukaingiza ubishi wa kubuni ili ionekane uko katikati.

Hapo ndipo bodi ya wilaya ya Dover, Pennsylvania, ilipopotea. Mwaka 2004 iliamua wanafunzi wa bayolojia wasomewe tamko kwamba nadharia ya Darwin ina mapengo na kuna maelezo mengine ya ubunifu wenye akili, yaani kwamba viumbe vilibuniwa na mwenye akili fulani. Walimu wa sayansi wakakataa kulisoma. Januari 2005 wakaja viongozi wa wilaya madarasani wakalisoma wenyewe huku walimu wakitoka nje. Wazazi 11 wakaenda mahakamani na Desemba mwaka huohuo Jaji John Jones akaamua kwamba ile ni dini imevalishwa nguo ya sayansi, kinyume cha katiba, na wilaya ikaja kulipa gharama za kesi za kama dola milioni moja. Lakini hata kabla ya hukumu, kwenye uchaguzi wa Novemba, wapiga kura walikuwa wameshawaondoa wajumbe waliokuwa wanagombea tena. Nalipenda hili tukio kwa sababu linaonesha kila mtu akikaa kwenye nafasi yake: walimu wanakataa kusema wasichokiamini kitaaluma, wazazi wanashtaki, jaji anapima katiba, wapiga kura wanabadilisha bodi. Bodi ilikuwa imechaguliwa kihalali kabisa, na kuchaguliwa hakukuipa mamlaka ya kuamua sayansi ni nini.

Twende kwa mzazi sasa, maana ndiye mwenye uchungu zaidi na ndiye anayedharauliwa zaidi kwenye hii mijadala. Tamko la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 26, linasema wazi kwamba wazazi wana haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wao. Siku zote mimi nasisitiza neno wao. Mzazi akisema mwanangu asisome kitabu hiki, hilo ni ombi linalostahili kusikilizwa kwa heshima na likiwezekana likubaliwe. Mzazi akisema mtoto wa jirani naye asikisome, hapo ametoka kwenye haki yake na kuingia kwenye ya mwenzake, ambaye naye ni mzazi. Ukiangalia kampeni nyingi za haki za wazazi utakuta hayo mawili yamechanganywa makusudi.

Hata hilo la kwanza sio rahisi. Mahakama za Marekani zimeyumba nalo. Mwaka 1987 wazazi wa kaunti ya Hawkins, Tennessee, waliotaka watoto wao wasitumie vitabu vya kusoma vya shule kwa sababu za kidini walishindwa kwenye rufaa. Juni 2025 Mahakama Kuu ya nchi, kwa kura 6 kwa 3, ikawa upande wa wazazi wa kaunti ya Montgomery, Maryland, waliotaka kuarifiwa na kuwatoa watoto wao pale vinaposomwa vitabu vya hadithi vyenye wahusika wa mahusiano ya jinsia moja. Shule zilikuwa zimesema maombi yamekuwa mengi mpaka hayasimamiki. Pande zote mbili nazielewa, mwalimu wa watoto wadogo hawezi kuendesha kipindi nusu ya darasa inaingia na kutoka, na mzazi naye hawezi kugundua mambo mtoto akishasimulia. Mimi mstari wangu naupitisha hivi: mzazi aarifiwe mapema na mwenye pingamizi la dhati asikilizwe kwenye yale yanayohusu imani na malezi, ila ruhusa isifike kwenye kusoma, hesabu, sayansi na historia iliyothibitishwa, kwa sababu mtoto naye ana haki yake ambayo sio mali ya mzazi. Mtoto aliyenyimwa hayo akikuwa hatamdai bodi ya wilaya, atakuwa ameshachelewa.

Kuna mwamuzi mwingine ambaye hakai kwenye kamati yoyote, mtihani. Andika mtaala wenye fikra tunduizi, ushirikiano na sanaa, alafu mtihani wa mwisho uulize tarehe na fasili, walimu watafundisha tarehe na fasili, na wana haki maana wanapimwa kwa matokeo hayo. Ukitaka kujua nani anatawala mtaala wa nchi usianzie wizarani, anzia kwa watu wanaotunga mtihani wa kumaliza shule, uliza wanateuliwa na nani na wanakaa muda gani. Mara nyingi utakuta hakuna mzazi wala mbunge aliyewahi kuliuliza hilo.

Kwahiyo kama ningeambiwa nipange, malengo yangewekwa na chombo cha umma kwa kipindi kirefu kuliko muhula wa waziri, yasiguswe kila uchaguzi. Ukaguzi wa vitabu ungefanywa na wataalamu wa somo pamoja na walimu wanaofundisha darasa hilo sasa hivi, majina yao yanajulikana, na kila wanachokataa wanaandika sababu ambayo mwandishi anaweza kuikatia rufaa ndani ya miezi, sio miaka 32. Wanasiasa wasiruhusiwe kurekebisha sentensi za kitabu. Shule ichague kati ya vitabu angalau viwili vitatu vilivyopita kwa kila somo. Mkaguzi atangaze kama ana undugu au biashara na mchapishaji, maana ile rushwa ya Japani ya 1902 sio ya Japani peke yake. Na vikao vyote vya haya mambo viwe wazi, na rasimu ziwekwe hadharani kabla ya kupitishwa kwa muda unaotosha mtu mwenye kazi zake kuzisoma, sio wiki moja ya sikukuu.

Hili la rasimu linazidi kuwa gumu kadiri vitabu vinavyohamia kwenye skrini. Kitabu cha karatasi kikishachapwa kimeshachapwa, mtoto wa Houston alipiga picha ukurasa na ushahidi ukawepo. Kitabu cha kwenye mfumo wa mtandao mchapishaji anaweza kukibadili usiku, asubuhi darasa zima linasoma kingine, hakuna kamati iliyokaa na hakuna mzazi aliyejua. Akirekebisha kosa ni jambo jema, ila njia hiyohiyo inaweza kutumika kufuta kitu baada ya simu moja kutoka kwa mtu mkubwa. Mikataba mingi ya kununua hivi vitu inajadili bei na idadi ya akaunti za wanafunzi na kunyamaza kabisa kuhusu hili. Kwa mimi hakuna shule ya umma inayotakiwa kusaini mkataba wa aina hiyo kama haujasema kwamba kila badiliko la maandishi linarekodiwa na tarehe na sababu yake, toleo lililoidhinishwa linatunzwa nje ya mikono ya mchapishaji, na mtu yeyote, mzazi, mwalimu au mwanafunzi, anaweza kulifungua akalinganisha na linalosomwa leo.